Fahali wa Kyoto

Jumatatu, 1 Desemba 1997

Mvua tangu alfajiri. Watu wanaiita Elnino, wanaitaja kama mkwe mkorofi aliyekuja kutembea akakataa kuondoka. Nimekwenda mjini Segese kwa baiskeli, nimerudi nikiwa nimeibeba begani. Lakini safari haikuwa ya bure!

Barazani kwa Mansukhlal, mwenye duka, redio ilikuwa imewashwa. Mkutano mkubwa umefunguliwa leo huko Japani, mji wa Kyoto. Dunia nzima imeitana. Inasemekana hewa inazidi kupata joto, na chanzo ni moshi wa viwanda na magari, na wenye viwanda na magari wanatakiwa wajieleze. Wenzangu walitikisa vichwa, wakarudi kwenye bao. Hawakuelewa. Mimi nimeelewa papo hapo. Hii ni dagashida!

Kwa kuwa shajara hii huenda ikasomwa na watu wa mbali, naeleza. Dagashida ni baraza letu la kijiji sisi Wasukuma. Ngitili ni kipande cha majani na miti ambacho mtu anakifunga mvua zikianza: hakuna kuchunga, hakuna kukata, ili kiangazi ng'ombe wake wapate cha kula. Ukilisha ng'ombe au ukikata mti kwenye ngitili iliyofungwa, hata kama ni yako, unaitwa mbele ya dagashida na unatoa fahali. Fahali anachinjwa, na hapo ndipo penye utamu. Nyama inaliwa na kijiji kizima. Hata aliyekuwa amelala siku ya kesi anapata kipande.

Sasa wakubwa wa dunia wamekosa. Wamechafua hewa ya wote. Watatoa fahali, na sisi ni sehemu ya kijiji! Kilichobaki ni kujua nyama ya Tanzania itagawiwa wapi, na nani atakuwa wa kwanza kwenye foleni upande wa Segese.

Jioni nimemweleza Zipora, mke wangu. Ameniuliza kama nina homa. Kisha amesema na Japani nifanye nitakavyo, lakini mpango huu ukiingia kwenye ngitili yetu, ile niliyoachiwa na baba, yeye atachukua ng'ombe wake ahamie kwa kaka yake Bujiku, na hatarudi. Ng'ombe kweli ni wake. Aliwapata kwa kuuza maziwa miaka ile mimi nilipokuwa nashughulika na mafanikio. Nimemhakikishia kwamba Kyoto iko mbali sana na ngitili.

Bujiku! Shemeji yangu, jirani yangu, mwenyekiti wa dagashida, na mtu anayevaa koti la suti na mabuti ya mpira. Ngitili yake imepakana na yangu. Miti yake ni mirefu zaidi. Hilo halinisumbui hata kidogo.

Jumatano, 3 Desemba

Sielewi kitu. Nimesikiliza redio asubuhi na mchana, nimetoka na mambo mawili yanayopigana kichwani.

La kwanza: wakubwa hawataambiwa waache moshi. Wataambiwa wapunguze, kutoka kiwango walichokuwa wakitoa zamani. Mkosaji anaruhusiwa kuendelea kukosa, ila kidogokidogo! Bujiku asingekubali hukumu ya namna hiyo hata akiwa amelewa.

La pili: kuna wanaopendekeza kwamba atakayepunguza kupita alivyoagizwa aruhusiwe kuuza ile ziada kwa mwenzake aliyeshindwa. Auze nini? Moshi ambao haukutoka? Unafungwa kwenye nini? Nani anaupima?

Nimemwuliza Mansukhlal. Ni mtu mtaratibu, hufikiri huku akipima sukari. Akasema yeye anaona ni kama leseni ya kununua dhahabu. Mtu anayo lakini haitumii, basi anamwachia mwenye haraka, na mwenye haraka anamtuliza kwa pesa. Nikamwuliza, na ambaye hajawahi kuwa na leseni? Akasema huyo hana cha kuachia, Baba Vumilia, huyo anunue sukari aende nyumbani.

Nimerudi nikisukuma baiskeli matopeni, na katikati ya mto, maji yakiwa magotini, nikang'amua. Mansukhlal amesema kweli bila kujua! Ukiwa msafi huna cha kupunguza. Usipokuwa na cha kupunguza huna cha kuuza. Fahali hawezi kumfikia mtu ambaye moshi wake wote unatoka kwenye mafiga matatu. Kumbe dagashida hii ni ya kinyumenyume. Anayefaidi ni aliyekosa, mradi atubu kwa hatua.

Kwa hiyo lazima nijulikane kuwa mtoa moshi mkubwa. Na iwe kabla hawajakubaliana huko Kyoto. Baadaye nitapunguza, kwa huzuni, mbele ya mashahidi.

Nimekagua moshi wa nyumba hii. Aibu tupu. Chungu cha ugali, chungu cha mboga, na kiko changu.

Ijumaa, 5 Desemba

Kuni zote zimelowa. Nilitaka kulia, kisha nikakumbuka kwamba kuni zilizolowa ndizo zenye moshi. Elnino yuko upande wangu!

Nimemwomba Mansukhlal lile tairi kuukuu la trekta lililolala nyuma ya duka lake. Akasema nichukue, analala nyoka humo. Tairi lilikuwa zito mno kwa baiskeli. Mvua ilikuwa imekatika, jua limechungulia. Nikaona nilichome hapohapo.

Sijawahi kuona moshi wa namna ile. Mweusi, mnene, unapanda kwa heshima zake. Segese nzima ilikuja mbio. Waliokuja na ndoo walikuja na ndoo, wachimbaji wa dhahabu walikuja na makoleo yao, fundi cherehani alikuja na futi shingoni. Mashahidi! Nimewashukuru wote kwa kufika. Nimewataka wakumbuke kwamba ni mimi, Jilala, na kwamba huu ni mwanzo tu. Walimwaga maji yao juu ya tairi, wakanitazama kwa muda mrefu.

Jambo moja sikulipangia. Gangaben, mke wa Mansukhlal, naye alikuwa ameliona jua. Alikuwa ameanika shuka na sari zake zote uani. Alitoka akasimama kati ya kamba mbili, akasema mengi. Nusu yalikuwa ya Kigujarati na niliyaelewa yote.

Nimepigwa marufuku barazani. Mansukhlal ameniomba radhi kwa macho, lakini hakuthubutu kufungua mdomo. Kuanzia leo nitasikiliza redio kutoka ng'ambo ya barabara, chini ya upenu wa fundi cherehani.

Jumapili, 7 Desemba

Habari njema! Binti yetu Vumilia amejifungua salama huko Bugarama, mtoto wa kiume. Zipora ameondoka tangu jana kwenda kumsaidia. Nimefurahi sana. Nafasi ndiyo hii.

Nimefikiri kuhusu tairi. Kosa lake ni kwamba lilikuwa la saa moja tu. Mtoa moshi wa kweli hutoa mchana kutwa, kesho yake tena, watu wakazoea. Anayefanya hivyo hapa kwetu ni mchoma mkaa. Tanuri la mkaa hufuka siku nyingi bila kuguswa. Kinachohitajika ni miti.

Najua alichosema Zipora. Nimemfikiria kwa makini. Alisema mpango usiingie kwenye ngitili. Sasa upande ule wa mwisho, unaopakana na njia ya ng'ombe, siyo ngitili hasa. Ni ukingo wa ngitili. Na nikishatulizwa na wakubwa nitamnunulia Zipora ng'ombe wengine wa kutosha, yeye mwenyewe atacheka.

Nimekata migunga. Siyo yote! Ile ya ukingoni na michache iliyosimama nyuma yake, na mmoja uliokuwa unazuia njia. Ilibidi nifyeke minyaa ya uzio ili kupata mlango wa kupitishia magogo. Nimepanga, nimefukia kwa majani na udongo, nimewasha. Mgongo umekufa. Lakini moshi! Unatoka kwenye vitundu kama pumzi ya mtu aliyelala vizuri.

Jumanne, 9 Desemba

Siku ya Uhuru. Mvua ya mawe.

Nimekwenda kutazama tanuri. Udongo umebomolewa na mvua, tanuri limegeuka dimbwi, na katikati kuna magogo meusi nusu, mekundu nusu. Hakuna mkaa, hakuna moshi. Nimekaa juu ya kisiki nikashika tama.

Hapo nikasikia kutafuna. Kugeuka, ng'ombe! Kundi zima ndani ya ngitili yangu iliyofungwa. Wameingia kupitia pale nilipofyeka minyaa. Majani ya Zipora, yaliyokuwa yanafika magotini, wameyala na yaliyobaki wameyakanyaga matopeni. Nimewatambua kwa alama za masikio. Ng'ombe wa Bujiku!

Naandika haya kwa furaha. Mwenyekiti wa dagashida amelisha ngitili ya mtu! Yeye anayewahukumu wengine! Fahali wa Kyoto yuko njiani, lakini fahali wa Bujiku yuko hapahapa ng'ambo ya uzio, naziona pembe zake. Nitamshitaki. Nitalala mapema nikiwa na amani.

Swali la nani alifyeka minyaa ni dogo. Sidhani kama litaulizwa.

Alhamisi, 11 Desemba

Wamekubaliana! Walikesha huko Kyoto, wanasema, wengine walilala vitini. Nimesikia chini ya upenu wa fundi cherehani, lakini mvua ilipiga bati nikawa napata habari nusunusu. Mansukhlal aliniona ninavyohangaika. Gangaben alipoingia ndani kutazama chai, alivuka barabara na mwavuli akanimalizia. Mungu ambariki.

Sasa naandika nilichopata, huenda nikikiona kwenye karatasi nitakielewa.

Wakubwa watapunguza moshi. Lakini siyo sasa. Watahesabiwa kati ya mwaka 2008 na 2012. Atakayetolewa ni fahali ambaye leo hata bibi yake hajazaliwa! Halafu kila mkubwa anarudi kwanza nyumbani kwake kuwauliza wazee wake, yaani bunge, kama wanakubali ahukumiwe. Mansukhlal anasema yule mwenye moshi mwingi kuliko wote, wazee wake wamekwisha kuguna. Nimemwuliza mara mbili. Mkosaji anaulizwa kama anapenda adhabu? Akasema ndiyo walivyotangaza.

Sisi maskini hatukuambiwa kupunguza chochote. Hatumo. Nilimwuliza kama nikiomba mwenyewe niwemo. Akanitazama, akageuza mwavuli.

Na kiwango cha zamani kinachotazamwa ni cha mwaka 1990. Mwaka 1990! Mwaka ule nilikuwa karani wa pamba Kahama, nimepanga chumba, napikia jiko la mafuta ya taa ambalo halikutoa moshi hata kidogo. Nilikuwa najisifu kwa watu! Laiti ningejua.

Na la mwisho, ambalo Mansukhlal alilisema akiwa anarudi, akiwa amekwisha geuka. Miti nayo inahesabiwa. Miti inameza moshi. Mkubwa mwenye miti mipya anapunguziwa kosa lake.

Miti!

Nimesimama chini ya upenu mpaka fundi alipofunga cherehani yake. Nani mwenye miti hapa? Bujiku. Ya kwangu iko dimbwini, nusu nyeusi.

Jumamosi, 13 Desemba

Siku mbaya kuliko zote. Naiandika kwa utaratibu ili nione ilipoharibikia.

Dagashida ilikaa asubuhi, jua limetoka kidogo. Mimi mlalamikaji. Nilivaa shati jeupe. Nikaeleza jinsi ng'ombe wa mtu fulani mkubwa walivyoingia kwenye ngitili ya mtu mdogo. Nilisema vizuri sana, hata mimi nilijihurumia.

Bujiku alisimama. Nilitegemea atakana. Hakukana! Akasema ni kweli, ng'ombe ni wake, mchungaji wake alijikinga mvua akawaacha, na yeye hangoji kuhukumiwa. Fahali amekuja naye, kafungwa pale nyuma. Watu wakanong'ona kwa heshima. Nikaanza kumchukia zaidi.

Kisha Bujiku akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, nani aliyefyeka minyaa.

Watu wote wakageuka kunitazama, kwa sababu wote walikuwa wameuona moshi wa tanuri siku ile, na wengine walikuwa wamekwenda kutazama dimbwi.

Basi nikajitetea kwa sheria ya dunia. Nikawaeleza Kyoto yote. Kwamba siku hizi mkosaji hahukumiwi siku ya kosa, anapewa miaka kumi na zaidi. Kwamba anaweza kumwuzia mwenzake kosa ambalo hakulifanya. Kwamba anaulizwa kwanza nyumbani kwake. Kwamba mimi nilikata miti kabla habari ya miti haijatangazwa, kwa hiyo sikujua. Wazee walisikiliza kwa makini, hakuna aliyecheka. Mzee Mabula, ambaye ndiye mkubwa kwa umri, aliuliza kama hao wakubwa waliochafua hewa waliporudi kwao walisalimiwa. Nikasema nadhani walisalimiwa vizuri. Akasema basi hao hawajahukumiwa bado, na akauliza kama kuna mwingine mwenye neno.

Kwa kosa la kukata miti na kufungua uzio, nitoe fahali. Sina fahali. Mtu mmoja akasema ng'ombe wapo nyumbani. Bujiku akakataa, akasema wale ni wa dada yake, hawatalipia upuuzi wa mtu mwingine.

Na hapo Zipora akasimama. Sikujua kama amerudi! Alikuwa nyuma na kanga ya safari, miguu ina matope ya Bugarama. Akasema hakasiriki kwa ajili ya miti tu wala majani. Anakasirika kwa sababu alikuwa amempakata mjukuu wetu, anamwambia babu yako ni mtu wa maneno mengi lakini ana moyo, na kumbe wakati uleule babu alikuwa na shoka. Akauliza kiangazi kikija ng'ombe wake watakula nini. Akaenda nyumbani, akachukua ng'ombe wake, akahamia kwa kaka yake.

Kwa kuwa sina fahali, nimetengwa. Hakuna kunisalimia, hakuna kuketi nami, hakuna kunipa moto, maji wala chumvi, mpaka uzio uzibwe na baraza liridhike. Atakayezungumza nami atatoa mbuzi.

Fahali wa Bujiku alichinjwa mchana. Kijiji kizima kimekula. Mlalamikaji hakupewa hata mchuzi, kwa sababu ametengwa. Nimenusa.

Jumanne, 16 Desemba

Nimemwambia Mzee Mabula mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi. Alitazama mawingu. Nimemwambia mwangaluka mke wa jirani. Akamwuliza mwenzake kama amesikia ndege.

Moto umezimika jikoni. Kwa kawaida ningetuma mtu akaombe kaa la moto kwa jirani. Nani nimtume, na kwa nani? Nimechakura lile tanuri kwa mikono, huenda kuna cheche chini. Matope matupu. Mimi, niliyetaka kuwa mtoa moshi mkubwa, nyumba yangu ndiyo pekee isiyofuka kijijini!

Nimekwenda Segese kununua kiberiti. Watu wa mjini hawafungwi na dagashida yetu, lakini Gangaben alikuwa dukani peke yake. Alisukuma kiberiti juu ya kaunta kwa ncha ya rula. Kimelowa njiani.

Nimekula karanga mbichi. Nimemkosa Zipora. Naandika hivyo waziwazi kwa kuwa hakuna wa kunicheka. Nimekosa hata ile sauti yake ya kuniuliza kama nina homa. Usiku nyumba ni kubwa, na mvua inavuja kwenye kona ambayo yeye alikuwa akijua wapi pa kuweka ndoo.

Kama Kyoto ingekuwa na adhabu hii ya kwetu, nadhani moshi ungekwisha kabla ya wiki. Lakini hawakuniuliza.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimesalimiwa! Scolastika, afisa misitu wa Kahama, amekuja na pikipiki yake kukagua miti ya kijiji. Hajui habari za kutengwa. Alisema shikamoo na habari za mvua, na nilishika usukani wa pikipiki yake asiondoke. Nilimpa karanga. Nilimwuliza habari za wazazi wake mmoja mmoja.

Nimempeleka kwenye visiki, nikiwa nimejiandaa kugombezwa. Akainama akashika kisiki, akacheka kidogo. Kumbe tayari vinachipua! Mvua hii imeamsha kila kitu. Akasema mizizi ni mizima, ni ya miaka mingi, na mgunga ukikatwa mbichi hivi hutoa chipukizi nyingi kwenye kisiki kimoja. Nifanye nini? Akasema nisifanye kitu. Nizibe uzio, nisiingize ng'ombe, nisiguse. Alirudia neno hilo la nisiguse, sijui kwa nini.

Nikamwuliza kuhusu Kyoto. Akasema na yeye haelewi yote, hata wakubwa wake hawaelewi. Kinachotajwa kwa mataifa makubwa ni miti iliyopandwa au kuoteshwa upya tangu 1990. Kwa nchi kama yetu bado haijajulikana, watazungumza tena mwakani huko Argentina.

Nimekata matawi ya minyaa mchana kutwa, nimepanda kwenye pengo, nimesindilia kwa mguu. Utomvu umeingia jicho la kushoto. Sikujali.

Jumatatu, 22 Desemba

Nilikuwa kwenye uzio nanyoosha minyaa. Upande wa pili akaja Zipora na ng'ombe mmoja, yule mweupe mwenye pembe iliyopinda. Hakunitazama. Akisema na mimi atatoa mbuzi. Akasimama akaanza kuzungumza na ng'ombe, kwa sauti ya kutosha watu wawili.

Akamwambia ng'ombe kwamba kuna mtu fulani amekonda. Kwamba wazee walikuja kutazama uzio jana wakaridhika, na keshokutwa watamfungulia huyo mtu asalimiwe. Kwamba mjukuu amepata jina, anaitwa Jilala, ingawa bibi yake alipinga.

Nikausogelea uzio. Nikamwambia ng'ombe kwamba huyo mtu ameteseka, na kwamba amekosa, na nyumba bila mwenyewe haikaliki. Ng'ombe akapiga chafya.

Zipora akamwambia ng'ombe kwamba kama huyo mtu ataiacha ngitili ipumzike, asiiguse hata kwa kidole, basi Krismasi asubuhi mama mmoja atarudi nyumbani na ng'ombe wake wote, na Vumilia atakuja na mtoto. Lakini asiiguse. Akamwuliza ng'ombe kama ameelewa. Nikajibu kwa niaba ya ng'ombe kwamba ameelewa kabisa.

Nimerudi nyumbani nalia kwa jicho lile la kulia, la kushoto bado limevimba.

Jumatano, 24 Desemba

Nimefunguliwa! Asubuhi na mapema Bujiku mwenyewe alikuja na koti lake, akanipa mkono, akasema mwangaluka shemeji. Nimeitikia kwa sauti iliyotoka vibaya. Mzee Mabula kanisalimia mara tatu, kufidia.

Nimekaa na furaha yangu barazani kwangu, na kichwa kikaanza kufanya kazi tena. Sijui kwa nini sikuliona jambo hili tangu Ijumaa. Scolastika alisema miti iliyooteshwa upya tangu 1990. Upya! Miti mirefu ya Bujiku ilikuwapo kabla. Ni mizee. Haihesabiwi hata mmoja! Na mimi je? Kwangu migunga iliyobaki katikati ya ngitili nayo ni ya tangu enzi za baba. Bure kabisa. Inayohesabiwa ni ile ya ukingoni tu, niliyoikata, kwa kuwa inachipua sasa. Na kisiki kimoja kinatoa chipukizi nyingi. Yaani nilikuwa na mti mmoja usio na faida, sasa nina kichaka chenye faida!

Kwa hiyo sikukosea kukata. Nilikosea kukata kidogo.

Zipora alisema nisiiguse ngitili. Nimelitafakari hilo kwa uzito wake. Alikuwa anazungumza na ng'ombe. Pia hakuwa na habari hizi. Akizipata ataona mwenyewe kwamba nimefanya kwa ajili yake na mjukuu, na Argentina mwakani tutakuwa tumejiandaa kuliko mtu yeyote wilaya hii.

Mvua imekatika. Mchana wote ni wangu. Wanafika kesho asubuhi, Zipora, ng'ombe, Vumilia na Jilala mdogo, na nataka waikute ngitili yote ikiwa mpya, kutoka uzio hadi uzio. Shoka langu ni butu. Nimemwendea Bujiku, naye ameniazima lake, akidhani nachanja kuni za Krismasi.